Ya Baridi au ya Moto

Mama Povu, mhudumu wa kaunta hotelini kwa miaka kumi na tisa, hampendi mteja anayesema, "Nipe yoyote."

"Yoyote hatuuzi," alimjibu mpima ardhi aliyesema hivyo jioni moja. "Kuna espreso martini: kahawa na vodka, ya baridi, naitikisa mpaka povu lisimame. Na kuna kahawa ya Kiayalandi: ya moto, wiski ndani, krimu juu. Mtu mzima wewe, sema moja."

"Nichagulie basi, mama."

"Nyumbani kuna anayekungoja?"

"Yupo. Ameshapiga simu mara mbili."

"Chukua ya baridi. Mafunda matatu, unaondoka. Ya moto ni ya asiye na haraka. Anakikumbatia kikombe kwa mikono miwili mpaka kipoe."

Mpima ardhi alicheka, akanywa, akafuta povu mdomoni. Akiwa anainuka, akauliza, "Na wewe ukimaliza kazi, unakunywa ipi?"

Mama Povu alikuwa anakausha bilauri. Akaigeuza, akaikausha tena, ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Zamani," alisema, "nilikuwa nakunywa ya baridi."