Hela Yenye Herufi T

Nilipokuwa darasa la nne pale Mahoo, Taveta, karibu na mpaka, niliwatangazia wenzangu kwamba sisi Wataita tuliwahi kuwa na pesa zetu wenyewe. Sikuwa nimetunga. Nyanya alikuwa na sarafu ya shaba aliyoachiwa na babake, na kwenye upande wenye picha ya taji palikuwa na herufi T. Aliiita hela. Ng'ambo ya mpaka pesa zote huitwa hivyo, lakini kwake hela ilikuwa ile moja tu.

"T ni ya Taveta," akanijibu Eunice, Mtaveta niliyekaa naye dawati moja, mtu asiyekubali kushindwa. "Ilete Jumatatu tuione."

Shida ni kwamba ile T ilikuwa imemezwa na weusi, na Nyanya alikuwa na mwiko wake. Sarafu ya marehemu haioshwi wala haisuguliwi. Weusi ule ndio nguo ya mwenyewe. Ukiutoa, umemvua, na baridi atakayoisikia itamwingia mtu wa nyumba hii. Hata kuishika, alitaka tuishike kwa kingo, vidole visiguse uso wake.

Jumamosi, Nyanya akiwa shambani kwenye migomba, niliifungua kutoka kwenye kitambaa chake nikaisugua kwa jivu na ndimu. Lo! T ikatokea, inang'aa kama sufuria ya Krismasi. Nilicheza peke yangu jikoni kwa furaha. Upande wa pili sikuugusa, maana mvua ilishuka ghafla na nikasikia Nyanya anakuja mbio.

Aliingia ameloa chapachapa, akapiga chafya. Akapiga ya pili, na ya tatu. Nilijua kabisa nimemuua. Nikaangua kilio.

"Nyanya, nimemvua nguo babako!"

Akanitazama, akaitazama sarafu mkononi mwangu. Uso ukamkunjamana, nikajua fimbo inakuja. Kumbe alikuwa anazuia kicheko. Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda.

"Mwakio huyo! Mtu aliyekimbia maji maisha yake yote, leo ameogeshwa na ndimu!"

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina hilo. Huku akijifuta machozi, alinieleza kwamba babake alibebeshwa mizigo ya askari wakati wa vita vya Mwingereza na Mjerumani, akarudi na hela ile moja na woga wa kuvuka mito. Kisha akakumbuka kunigombeza.

"Mwombe msamaha sasa hivi."

"Babu Mwakio, nisamehe. Nilitaka kumshinda Eunice."

Akaanza kucheka tena. Chafya ziliisha siku ya pili, na sarafu ikarudishwa kitambaani, kavu. Shuleni sikuipeleka. Mimi na Eunice tulibishana hadi darasa la nane.

Mwaka jana, Nyanya akiwa ameshatutoka, niliipeleka Voi kwa mzee mmoja anayekusanya sarafu za kale. Aliishika kwa kingo, akaigeuza, akasikitika.

"Nani aliisugua hii?"

Akanieleza kwamba weusi ule huilinda shaba, na ndio wakusanyaji wanaoutafuta. Ukishautoa, haurudi. Nikamuuliza kuhusu T.

"Tabora. Mjerumani alizitengenezea huko wakati wa vita."

Nilimpigia Eunice simu nikiwa bado mlangoni pa yule mzee.

"Ai! Basi tumeshindwa sote wawili," akasema, tukacheka hadi salio likaisha.

Kwa hiyo Nyanya alikuwa sahihi kuhusu weusi ule, ingawa hakuwahi kumwona mkusanyaji hata mmoja. Nami naitunza hela hiyo kama alivyotaka, kwenye pamba kavu, na wanangu huishika kwa kingo. Kuisugua lilikuwa kosa, nakiri. Lakini Nyanya hakuwa mtu wa kusimulia habari za babake, na jioni ile alisimulia mpaka ugali ukaungua. Nisingeisugua, leo ningekuwa na sarafu nzuri ya mtu nisiyemjua.