Utosi Uliofunga Mapema

Mama yangu alisifiwa kwa kukanda vichwa. Wakongomani wenzetu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale waliojifungua walimwita asubuhi. Alipasha viganja juu ya makaa, akakibonyeza kichwa cha mtoto mchanga taratibu, mbele, nyuma, pembeni, mpaka aridhike kwamba kimekuwa mviringo. Binti yangu alipozaliwa, alimkanda kila siku. Mwezi wa pili alinishika mkono, akauweka juu ya utosi wa mtoto.

"Gusa. Haichezi tena. Iko nguvu sawa jiwe! Huyu atabeba bidon ya maji mbele ya wenzake."

Tukacheka. Mke wangu hakucheka. Alisema utosi wa wadogo zake ulidunda zaidi ya mwaka. Nilimwambia aache kutafuta ugonjwa palipo na afya.

Kabla mtoto hajatambaa, kichwa kilikuwa kimeanza kukua kwenda juu, na macho yakatokeza kana kwamba yanasukumwa. Mikono ya mama haikuwa na desturi ya kukosea, kwa hiyo kosa likatafutwa kwingine.

"Unamulaza mubaya kule mu shamba," mama alimwambia mke wangu mbele ya majirani. "Mimi ninakanda asubuhi, weye unaharibu muchana."

Majirani wakaanza kumwita Mama Kichwa. Mimi, ndani ya nyumba, nilisema baya zaidi: kwamba hata mbuzi anajua kumlaza mwanawe.

Miaka mitatu ilipokaribia, mtoto alilia akishika kichwa, na alikuwa akijigonga mlangoni kama asiyeona vizuri. Kituo cha afya kikatuandikia twende hospitali ya Mbarara. Mama akaamua mke wangu abaki nyumbani. Sikupinga. Nilikwenda na mtoto peke yangu.

Daktari alimpima kichwa kwa utepe, akamvua soksi, akakaa akimtazama miguu. Kisha akanigeukia.

"Sebo," akaniita kwa heshima ya kwao, "na wewe toa viatu."

Nilidhani ananidhihaki. Vidole gumba vya miguu yangu ni vipana na vimepinda kuelekea ndani. Utotoni, kule Kivu, wenzangu waliniita Bata. Nilivua. Vya binti yangu vilikuwa vilevile. Nilikuwa nimeviona kila siku, nikijivunia kwamba amefanana nami.

"Hii imetoka kwako," daktari alisema. "Si kulala. Si mikono ya mtu."

Alinichorea. Kichwa cha mtoto ni vipande vya mfupa, kama mabati ya paa yasiyopigiliwa bado. Penye nyufa, mwili hupeleka chembe ndogo za kubeba habari: hizi zinauambia mfupa ukue, hizi zinauambia ngoja, ubongo bado unaongezeka. Chembe za mfupa zina mahali pa kupokea habari hizo. Kwa mtoto wangu mahali hapo paliharibika tangu tumboni, pakawa panasikia amri ya kukomaa hata kabla haijatumwa. Panya, ng'ombe, mtu, wote hujengwa hivyo, alisema. Mimi kasoro ilinigusa vidoleni tu.

Nilirudi jioni. Mama alikuwa akipukuchua maharage, mke wangu amesimama nyuma yake na jembe bado mkononi.

"Docteur amesema nini?" mke wangu aliuliza.

"Ni mambo ya mifupa. Watamupasua."

"Mifupa ya kulazwa mubaya," mama alisema, bila kuinua macho.

Mke wangu alinitazama. Nikainama kufungua kamba za viatu, kisha nikaacha, nikabaki navyo.

Siku iliyofuata nilikwenda Biharwe kutafuta kibarua. Hivyo ndivyo nilivyo, jambo likinibana naondoka. Niliporudi, mama alikuwa anaumwa kifua na hainuki. Tulikaa kitandani pake, mimi na mke wangu. Mama alimshika mkono, kwa upole kabisa.

"Minakusamehe, mwanangu. Mwingine akikuja, umulaze muzuri."

"Ndiyo, mama," mke wangu alijibu.

Tulimzika wiki hiyo. Mwezi uliofuata walimpasua mtoto. Alipona, ila jicho moja halikurudi kuona. Safari hiyo mke wangu alikuja, na daktari, akidhani nilishamwambia, akamtania kuhusu vidole vya mumewe.

Mke wangu alinikuta nje, kwenye ukuta wa hospitali.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua."

"Nilimujibu, 'Ndiyo, mama.' Na weye ulikuwa umeikala pale."