Nilienda Likasi kufundisha Kiingereza, nikaanza kwa kujifunza Kiswahili

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Kila siku nasoma humu nyuzi za walioenda Ulaya na Uarabuni. Mimi nilienda Congo, na bado nipo. Nitaeleza kama ilivyokuwa, siongezi chumvi.

Mimi ni mwanamke, mtu wa Mbeya. Nimesomea ualimu, somo langu Kiingereza. Baada ya chuo nilisubiri ajira mpaka nikachoka, nikawa nauza kwenye duka la vifaa vya shule. Darasani nilikuwa nimesimama kwenye field ya chuo tu, basi.

Shemeji yangu ni dereva wa malori yanayofuata shaba Katanga. Ndiye aliyeniunganisha na shule moja ya binafsi Likasi. Mwenye shule, Mama Béatrice, alitaka mwalimu asiyeogopa kukiongea Kiingereza.

Nyumbani waliniona nimechanganyikiwa. Wakisikia Congo wanawaza vita tu. Nikapanda basi, nikapita Zambia, nikafika.

Likasi ni mji wa kazi. Asubuhi barabara imejaa watu wanaoelekea mitamboni, wengine taxi-bus, wengine baiskeli, wengi kwa miguu. Nilipata chumba uani kwa familia moja ya Kikatoliki, watu wastaarabu. Ugali wao wanauita bukari. Hapo sikuhitaji mafunzo.

Nilikuwa najiamini, sitawaficha. Kiingereza ninacho, Kiswahili ninacho. Kifaransa ndiyo sina, ila nikajua sitakwama.

Siku ya kwanza nikaingia darasani na Kiingereza kitupu. Wakawa wanatazamana. Nikahamia Kiswahili changu cha Bongo, safi kabisa. Wakaangua kicheko.

Binti mmoja wa mbele, anaitwa Sifa, akaniambia kwa upole, "Madame, unasema kama bantu ba ku radio."

Kumbe Kiswahili chao kina njia yake. Mtu ni muntu, watoto ni batoto, mimi ni minye. Nikisema haraka nawapoteza, na wao wakiharakisha wananipoteza.

Nikaamua jambo moja. Kifaransa sitajifanya nakijua. Tutatoka kwenye Kiswahili chao moja kwa moja kwenda Kiingereza. Wao wananifundisha neno, mimi nawapa la Kiingereza, na kila mtu anaongea. Atakayekosea anaendelea tu. Baada ya muda darasa langu likawa na kelele kuliko yote, na zilikuwa kelele za Kiingereza.

Shida ikaja kupitia baba yake Sifa, Papa Mwamba. Anafanya kazi mtamboni Shituru, na ndiye aliyekuwa msemaji wa wazazi. Alikuja ofisini akiwa bado na nguo za kazi.

"Madame, examen iko mu Français," akaniambia. "Mutoto yangu atajibu na Kiswahili?"

Hakuwa na ukali, na hilo ndilo lililonikata maini. Alikuwa baba anayemhofia mtoto wake. Nikamweleza kwamba kwenye mtihani wa somo langu majibu ni ya Kiingereza, na anayeweza kukiongea hautamtisha. Hakuridhika. Mama Béatrice akasema muhula ukiisha wazazi watakaa waamue kama naendelea.

Nilirudi chumbani nimenyong'onyea. Lakini sikubadilisha njia, maana nilikuwa nawasikia wale watoto wanavyoongea.

Muhula haujaisha, madaktari wa macho wa kigeni wakaja kwenye misheni moja upande wa Mulungwishi. Wanajua Kiingereza tu. Mkalimani aliyekuwepo alikuwa wa Kifaransa, na wazee wengi waliokuja hawakuwa na Kifaransa cha kutosha. Wakaomba msaada shuleni kwetu. Nikaenda na wanafunzi wachache, Sifa akiwemo.

Kwenye foleni nikamkuta Papa Mwamba, amemleta mama yake mzazi, haoni karibu kabisa. Nikaona hapa nimkalimanie mwenyewe, nimalize ubishi.

Nikaanza, "Bibi, shikamoo."

Mzee akashtuka. "Bibi ya nani? Bwana yangu alishakufwa."

Wakuu, huku bibi maana yake ni mke. Bibi tunayemjua sisi wanamwita nkambo. Foleni yote ikacheka.

Daktari alipomwangalia macho, nikajikaza, nikamwambia bibi kwamba daktari ameona ana mtoto wa jicho, anataka kumtoa. Akauliza mtoto gani, na atolewe wapi. Sasa hofu ikamwingia kweli. Akashika mkono wa mwanawe, akataka warudi nyumbani. Daktari akawa anamtazama aliyefuata.

Nikamwita Sifa.

Akachuchumaa mbele ya nkambo wake. "Iko kintu mu macho yako, inafunga njia. Batatosha ile kintu, utaona." Kutosha kwao ni kutoa.

Bibi akafikiri. "Umuulize, alishafanyaka ile mambo ku muntu muzee?"

Sifa akamgeukia daktari, akauliza kwa Kiingereza, bila kupita kwenye Kifaransa. Sarufi iliyumba kidogo, lakini daktari alielewa swali lote. Akajibu kwamba asubuhi ileile ametoka kumfanyia mzee kumzidi yeye. Sifa akalipeleka jibu. Bibi akasimama, akamwambia mjukuu wake amshike, waingie.

Papa Mwamba alibaki nje na mimi. 

Nilienda kumsalimia bibi baada ya bandeji kutolewa. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe weye uko mutoto hivi." Nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Kikao cha wazazi kikafika. Papa Mwamba alisimama, akasema Madame abaki, akakaa. Hakuna aliyepinga.

Kilichonigusa zaidi kilikuja wiki iliyofuata. Alinisubiri getini, kofia ya mtamboni mkononi.

"Ku kazi bakubwa banasema Kingereza," akasema. "Minye najibu yes, yes tu. Siku moja ile yes itaniletea matata. Shiye bazazi, utatufundisha?"

Sasa kila Jumamosi mchana nina darasa la watu wazima, na yeye anakaa benchi la mbele. Jambo la kwanza walilotaka kulijua ni namna ya kusema kwa heshima, "Sijaelewa, rudia."

Nilichojifunza: ukienda kufundisha ugenini, kubali kuchekwa mapema. Anayekucheka leo ndiye atakayekuelekeza kesho. Na vibali vyako viwe sawa kabla hujavuka mpaka, hilo msilichukulie poa.

Wale mlio Lubumbashi, Kolwezi au Kalemie, Kiswahili cha huko kiliwatoa jasho wapi? Na walimu mnaosubiri ajira, ulizeni, nitajibu ninachokijua.