Gari Lililohamishwa Usukani

Basi dogo la Hadji lilirudi asubuhi, siku ya pili baada ya kulifungia redio, likiwa linalia. Niliusikia mlio kabla halijaingia uani kwetu: mwembamba, ndani ya spika zote, unapanda dereva akikanyaga mafuta na kushuka akiachia. Kaswida zilikuwa zikiimbwa, lakini mlio ndio uliosikika.

Hadji aliuza vitambaa. Wazee wake walitoka pwani wakafanya makao Uvira, na yeye bado aliongea kama wao. Siku hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, alitaka kuwapeleka wanawake na watoto wa nyumba yake Uvira kwenye harusi ya binti yake, kwa njia ya Sange. Wakati ule barabara ilikuwa inapitika.

"Kijana," aliniambia, "nilikuomba unifungie redio, umenifungia nyuki."

Patron wangu, fundi mwenye uwanja, alicheka pamoja naye. Hadji alipokwenda kukaa kivulini, kicheko kikaisha.

"Petit, hii gari ikirudi tena, utatafuta parcelle ingine ya kulala. Weye na batoto yako yote."

Watoto wangu walikuwa wadogo zangu. Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nikiwa mwaka wa tatu wa sekondari, nikaja kwa fundi huyu. Alinipa meza ya kutengenezea redio na chumba kilicho nyuma ya gereji, na humo ndimo tulimolala wote. Dada yangu anayenifuata alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa Serikali. Kutoka kwenye chumba kile kungekuwa kutoka shuleni kwake pia.

Nilianza kwa kujishuku mwenyewe. Magari mengi ya kwetu yanatoka Japani yakiwa na usukani kulia, na waya nene za umeme hupita upande huo huo. Kwa hiyo mkono wangu umezoea kupitisha waya za sauti kushoto, mbali nazo. Lakini basi hili lilikuwa limehamishwa usukani ukaja kushoto, kama wanavyotaka wengi hapa kwetu, na waya zake zilikuwa zimehamishwa pamoja nao. Nilikuwa nimelaza waya wa sauti juu ya waya za umeme bila kufikiri. Nikang'oa viti, nikakunja zulia, nikauvuta waya wangu hadi upande wa pili. Jasho lilinidondokea machoni. Nikawasha injini.

Spika zikalia vilevile.

"Bado nyuki?" Hadji aliuliza kutoka kivulini.

"Bado, papa."

"Wana asali basi?"

Sikuweza kucheka. Patron alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akiangalia jua lilikofika.

Nikajilazimisha kwenda polepole. Nilichomoa waya wa sauti kwenye ampli, ile mashine ya kukuza sauti iliyokuwa chini ya kiti cha nyuma. Kimya. Nikaiunganisha ampli na simu yangu, injini ikiwa inanguruma. Wimbo ukatoka safi. Kwa hiyo ampli haikuwa na kosa, wala spika. Shida ilikuwa mbele, kwenye redio au nyuma yake. Nikarudisha waya mahali pake, nikawasha taa na feni ya dashibodi. Mlio ukawa mkali zaidi. Nikaweka kidole kwenye waya wa sauti, nikakitoa upesi. Ulikuwa wa moto.

Waya ule ni mwembamba kama kamba ya kiatu. Kazi yake ni kubeba sauti tu, haupaswi kupata joto hata kidogo. Nikaingia chini ya dashibodi na tochi. Masi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, ilikuwa imekazwa kwenye kipande cha chuma kipya kilichochomelewa kushika usukani. Chuma kilikuwa kimepakwa rangi nzito ya kuzuia kutu, na skrubu ilikuwa juu ya rangi. Umeme wa taa na feni haukuwa na pa kurudia, ukawa unarudi kupitia waya wangu.

Nilibaki nimelala pale chini. Usukani ule aliuhamisha patron mwenyewe. Ndiyo kazi iliyomjulisha kwa watu, kutoka mtaa wa Muhumba hadi Kalehe.

Nilimwita, nikamwonyesha kwa sauti ya chini. Aliangalia kidogo tu.

"Weka filtre," alisema. "Itanyamaza. Muzee aende mu ndoa."

"Itanyamaza, patron. Lakini umeme utatafuta njia ingine. Moto unaweza kushika njiani."

"Weye uko wa redio. Usukani iko yangu."

"Shika huu waya."

"Petit."

"Shika tu."

Akaushika. Aliuacha haraka, akajipangusa vidole kwenye suruali. Filtre ilikuwa juu ya meza yangu, kiboksi kidogo cha kuchuja mlio, ambacho ningekifunga bila shida. Kupitia ukuta nilimsikia dada yangu akisoma kwa sauti. Hadji alikuwa ameinuka na anakuja.

"Imepona?"

"Bado kidogo, Hadji," patron alijibu. "Filtre moja tu."

"Gari haiwezi kwenda hivi, papa," nikasema.

Hadji alitutazama kwa zamu. Nikamweleza habari ya chuma, rangi, na waya wa moto. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Na hiyo masi, nani aliifunga?"

Nilitazama chini. Patron alikohoa.

"Njo mimi," alisema.

Alichukua msasa, akaingia chini ya dashibodi yeye mwenyewe, akaisugua ile rangi mpaka chuma kikang'aa. Nikaongeza waya mnene kutoka pale hadi kwenye bodi. Tukawasha injini, taa, feni, kila kitu. Kaswida zikasikika peke yake, bila mlio. Waya wa sauti ulikuwa baridi. Hadji hakupanda mara moja. Alimtaka patron autikise usukani mbele yake, tena na tena, na wakaondoka wamechelewa.

Jioni, patron alipokuwa anafunga lango, alisimama karibu na meza yangu.

"Kuko gari mbili zingine nilifunga vile vile. Moja iko Kalehe. Kesho utakuja na tochi, tutazitafuta."

Nikaingia chumbani. Dada yangu alikuwa amesikia maneno ya asubuhi, na tayari alikuwa amefunga masufuria ndani ya kitenge. Nilimwambia ayafungue, wadogo walikuwa na njaa.