Nilichomwa goti kama ngamia, kumbe shida ni ngozi ya ndani

Salaam aleikum wakuu, na nyinyi mnaosalimiana kwa "habari", habari zenu. Hii ni yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Wanaume walinikalia kifua na miguu. Baba mdogo Halake akatoa chuma kwa moto, akaniwekea gotini. Harufu ilinifikia kabla ya uchungu.

Sasa turudi nyuma.

Nilikuwa mtoto wa shule huku Burat. Magoti yakafura bila kuanguka popote. Asubuhi nilikuwa mgumu kama kiti cha mbao. Ikifika saa sita mchana magoti yamelegea, niko kwa mpira.

Hapo ndio Mwalimu Kinoti alinimaliza. "Asubuhi kiwete, mchana straika," aliambia darasa. Wakacheka, nikachapwa. Ikawa hivyo kila nikichelewa, mpaka nikaacha shule.

Halake naye ni mtu wa ngamia. Ngamia akichechemea anachomwa, basi akaona goti ni goti. Ngamia wake walikuwa wanapona, msiniulize.

Juzi binti yangu Talaso akaamka goti limefura, halikunjiki. Halake, mzee sasa, akaja na chuma ile ile. Nikasimama mlangoni na huu mguu wangu uliopinda.

"Baba mdogo, hiyo peleka ukachomee nyama."

Mke wangu alicheka mpaka mzee mwenyewe akacheka. Tukaenda hosi.

Daktari, dada mdogo tu, akatueleza polepole. Ndani ya jointi kuna ngozi nyembamba. Seli zake kazi yao ni kutoa ute wa kulainisha. Kwa watoto wengine hizo seli zinaharibika tabia: zinaongezeka, zinaita askari wa mwili waje kupigana, na adui hayuko.

Nikamwambia ni kama mlinzi wa soko la mifugo kupuliza filimbi bila mwizi, watu wanakuja wanapigana wenyewe na boma linavunjika. Akasema hiyo atawaambia wengine.

Halafu akasema, "Asubuhi ngumu, mchana laini. Ndio ugonjwa wenyewe."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Talaso yuko kwa dawa. Jana alinipita mbio tukienda dukani, ati "baba, kaza mwendo". Nilifurahi kuachwa.

Wakuu, mtoto akiamka mgumu usimwite mvivu, na moto uwache jikoni. Nani mwingine hapa alichomwa? Komenti.

Halake alishaniomba msamaha, tunakunywa chai pamoja.

Lakini Mwalimu Kinoti, najua uko humu, kila siku unabishana na watu juu ya miraa. Uliambia darasa nzima nadanganya.

Jibu hapa, mbele ya watu: nilidanganya nini?