Nani Aliyeshika Kisu

Pikipiki ilipokata kona ya tatu ndani ya Bel-Air, Daktari Katungu alikubali moyoni kwamba hajui aendako, akamtajia dereva jina la anayemtafuta. Miaka minne alikuwa akifanya kazi Lubumbashi, na mji wote kwake ulikuwa barabara moja: kutoka chumba chake cha kupanga hadi hospitali ndogo ya njia ya Kinsevere, na kurudi. Mtaa huu hakuwahi kuukanyaga. Bahasha yake ameibana kifuani, ndani ya koti, isiingie vumbi jekundu.

"Kwa Mama Annie wa bloc?" dereva aliuliza bila kugeuka. "Ungesema mbele! Ule mama njo alinishika mukono siku banapasula tumbo yangu."

Bloc ni chumba cha upasuaji, na Mama Annie alikuwa na miaka thelathini na miwili humo. Babu yake alikuwa fundi wa reli kule Kamina, baba yake akaja Lubumbashi na reli hiyohiyo. Yeye alishika vyuma vya namna nyingine, akimpa mpasuaji mkasi kabla hajautaja. Ukipita hospitali za miji mikubwa ya mbali, ukakuta daktari mwenye mvi ananyoosha mkono pasipo kutazama, akingoja kifaa kimtue kiganjani, huenda ni mmoja wa wale aliowalea.

Dereva alimshusha langoni, naye akamkuta Mama Annie uani akichambua sombe, majani ya muhogo. Alimtazama Katungu mara moja tu.

"Docta, uso gani hii? Nani amekufa?"

"Dossier yangu, mama. Inakufa leo saa kumi na mbili ya jioni."

Nafasi za kusomea upasuaji mwaka ule zilikuwa sita, waombaji zaidi ya mia. Asubuhi ile mtu wa ofisi ya udahili alimpigia Katungu simu, kwa wema wake tu. Orodha yako, alimwambia, ina operesheni mia mbili na kumi na mbili, na katika zote wewe ni msaidizi. Kama hakuna hata moja uliyoiongoza, faili halitasomwa. Una mpaka jioni kurekebisha.

Katungu hakuwa amedanganya. Alinakili rejista neno kwa neno. Ila katika hospitali ile, mstari wa mpasuaji ni wa mkuu, Daktari Séverin. Awe ameshika kisu, awe amekaa ofisini, awe amesafiri, jina lake ndilo linaandikwa juu, na mdogo hujiandika chini, kwenye mstari wa msaidizi. Hakuna aliyeamuru. Ni adabu, kama kumwachia mkubwa kiti. Kwa miaka minne Katungu alijiandika chini kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Annie alipangusa mikono, akaomba barua ya maombi. Alisoma mistari michache ya mwanzo kwa sauti: kwa heshima na unyenyekevu mkubwa, nathubutu kuomba wema wenu, mimi niliyepata bahati ya kusaidia chini ya Mheshimiwa Daktari Séverin...

"Hii ni barua ya kuomba nafasi ao ya kuomba musamaha?"

"Mama, mutu hawezi kujisifu."

"Weye mutoto wa commerçant wa Butembo! Baba yako anauzisha mafuta na sabuni ku gros, katoni kwa katoni. Anaambiaka bakiriya, 'Pardon, sabuni yangu haina povu'?"

Katungu alicheka. "Hata nikijisifu, rejista inanikana. Batasema niko mwongo."

Mama Annie aliingia ndani, akatoka na madaftari manne ya shule. Hayakuwa siri. Alikuwa akiyaandika ili glavu zisikosekane, kwa maana kila mkono una kipimo chake. Kila upasuaji aliandika tarehe, ugonjwa, na kipimo alichomvika kila mmoja: aliyesimama kuume kwa mgonjwa, mahali pa mpasuaji, na aliyesimama ng'ambo.

"Chef anavaa nane," alisema, akimtaja mkuu. "Weye sita na nusu, weye peke yako. Soma ya kuume."

Katungu alisoma. Kuume sita na nusu, kushoto nane. Kuume sita na nusu, kushoto hakuna mtu. Ukurasa baada ya ukurasa, mikono yake mwenyewe. Walihesabu pamoja mpaka wakafika mia moja na thelathini na moja.

"Lakini chef lazima asaini," Katungu alisema. "Atakasirika."

"Tutajua sasa hivi." Mama Annie alikuwa ameshapiga, na sauti ya simu ameifungua.

Daktari Séverin alisikiliza maelezo ya Mama Annie, ya madaftari na ya barua, mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Katungu. Ile wiki nilikuwa Likasi, pia uliandika jina yangu?"

"Ndiyo, chef. Njo vile tunafanyaka."

"Nilikuwa naona, inanipendeza, nanyamaza." Akakohoa. "Soma ile liste yote, polepole."

Alisoma. Mahali pamoja mzee akamkatiza. "Ule baba wa lori, hapana. Mushipa ya damu ilikatika, tukabadilisha nafasi. Miye njo nilishika kisu."

"Lakini yeye njo alifunga tumbo!" Mama Annie akadakia.

"Kufunga si kupasula, Annie. Itoe."

"Mia moja na thelathini, basi," Katungu alisema, na ajabu ni kwamba kupungua kule kulimnyoosha mgongo.

"Hizo nasaini. Unitumie ku téléphone. Na ile barua, usiweke jina yangu mara saba. Mara moja inatosha."

Kazi ya barua ikaanza upya, kwenye meza ya plastiki. Mama Annie alitaka kisa kimoja cha mgonjwa halisi. Katungu alichagua yule mwalimu wa shule ambaye utumbo wake ulitobolewa na homa ya matumbo. Aliandika: nilimpasua tumbo, nikaziba tundu. Akaweka nukta.

"Na siku ya ine?"

"Mama, siku ya ine kazi yangu ilivuja."

"Nani alijua wa kwanza? Nani alirudisha ule mwalimu ku bloc, akatoa utumbo inje, akaketi naye mpaka asubui? Andika. Bale banatafuta mutu wa kufundisha, habatafute malaika."

Katungu akaiandika siku ya nne yote, kosa lake na alivyolirekebisha, na kwamba baada ya miezi mitatu mwalimu alirudi darasani.

Saa kumi na nusu simu ya Mama Annie ililia: mama mjamzito, mtoto amekaa vibaya, bloc inatayarishwa. Katungu aliruka wima.

"Ikala," Mama Annie alimwambia, akivaa viatu. "Docta Yannick iko pale. Leo kazi yako ni karatasi. Ukimaliza, funika sombe."

Alitoka kwa hatua za haraka kuliko umri wake. Langoni jirani yake, Lydie, alimsimamisha. "Mugeni wako ule ni nani?"

"Mupasuaji," Mama Annie alijibu, na hakupunguza sauti.

Katungu alisikia kila herufi. Sahihi ya mkuu ilikuwa imeingia kwenye simu. Alivuta kiti karibu na meza, akaandika sentensi ya mwisho: katika hizo mia moja na thelathini, kisu nilikishika mimi.