Kidumu Kilichorudi Kitupu

Ukindu ukichemshwa na rangi hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: kama majani yaliyolowa mvua, yakachanganyika na moshi wa kuni na kitu kikali kidogo kinachowasha puani. Kila mwaka kipupwe kilipoingia, kijiji chetu nje kidogo ya Kibiti kilinuka hivyo. Masufuria makuukuu yalikaa juu ya mafiga nyuma ya nyumba, ukindu mwekundu, wa zambarau na wa kijani ukaning'inia kwenye kamba za nguo, na wanawake wakakaa barazani wakisuka kili, ile mikanda mirefu ambayo baadaye huunganishwa kwa sindano ikawa mkeka. Hata leo nikipita mahali panapochemshwa ukindu, goti langu la kushoto hukumbuka kabla yangu.

Nilikuwa darasa la sita, likizo ya mwezi wa sita. Nina selimundu. Nyumbani tuliuita ugonjwa wa mifupa, kwa sababu ulipokuja ulikaa humo, ndani kabisa, mahali ambapo mkono wa mama ukikanda haufiki. Mwaka ule nilikuwa nimelazwa mara mbili kabla ya likizo, na mara ya pili nilirudi nimekonda, macho ya njano, suruali ya kaka yangu mdogo ikinitosha. Mama alinikataza kwenda mbali na uani. Aliyekuja kuniombea ruhusa ya kwenda kukata ukindu ni Somoe, jirani yetu, aliyenizidi mwaka mmoja tu lakini tayari alikuwa akisuka ukili ulionyooka kama wa mama yake. Alisimama mbele ya mama mikono nyuma, kana kwamba yuko mbele ya mwalimu mkuu.

"Mama Tatu, tutakwenda naye polepole. Nitamwangalia mimi."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akakubali kwa masharti. Nisiguse maji ya bondeni, kwa sababu baridi na mifupa yangu havipatani. Nikichoka, tukae. Na kile kidumu cha lita moja alichonijazia maji kirudi kitupu, maana daktari alisisitiza maji kuliko hata vidonge. Kuhusu maji, mama hakuamini maneno ya mtoto yeyote. Aliamini kidumu.

Tulikuwa watatu: mimi, Somoe, na Mwajuma, ambaye hakuweza kunyamaza hata akiwa na muhogo mdomoni. Tulitoka umande ukishakauka, tukapita kwenye mikorosho, kisha mashamba ya mihogo, kisha njia ya mchanga mweupe inayoteremka hadi bondeni, kwenye maji yaliyobaki baada ya masika, ambako mikindu huota kwa wingi. Njia ilikuwa nyembamba, ikabidi tuongozane. Siku ya kwanza Somoe aliniambia, "Tatu, tangulia." Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa mtoto wa kuona mtihani katika kila kitu. Shuleni nilifuta daftari mpaka karatasi ikatoboka, na nyumbani nilifumua ukili wa shubiri tatu kwa sababu ya uzi mmoja uliopinda. Kwa hiyo niliposikia "tangulia," nilielewa jambo moja tu: wanataka kuona kama nitaweza. Nikakaza mwendo. Nilihesabu mikorosho kutoka kwetu hadi mwanzo wa mchanga, na kila siku nilitaka niifikie ya mwisho kabla pumzi haijaanza kupiga filimbi.

"Bi harusi, punguza mwendo!" Mwajuma alipiga kelele nyuma yangu. "Wasimamizi wako tumechoka, na pilau hatujaonja!"

Walicheka wote wawili. Mimi nilizichukua kelele zile kuwa sifa, nikaongeza mwendo.

Maji ndiyo yaliyonisumbua. Nikinywa nilisimama, na nikishakunywa, baada ya hatua chache ilibidi nichepuke kichakani kukojoa, na wenzangu wakasubiri. Niliona aibu ya kusubiriwa kuliko ya kuumwa. Siku ya tatu nilichepuka nikiwa na kidumu mkononi, nikakimimina polepole kwenye mchanga chini ya mkorosho, nikiangalia jinsi ardhi inavyoyanywa maji yangu bila kuacha alama. Jioni mama alikitikisa kidumu karibu na sikio lake, akatabasamu. "Hongera, mwanangu." Nililala vizuri usiku ule, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Kesho yake nilirudia, na karibu kila siku iliyofuata.

Siku ya mwisho tulikwenda kukata ukindu wa mkeka wangu mwenyewe, wa kwanza. Asubuhi niliamka na maumivu madogo kwenye goti la kushoto, kama mwiba ulioingia na kukatikia humo. Niliyafahamu vizuri. Nilijua yanatokea wapi na yanakwenda wapi. Nikafunga kitambaa changu kichwani, nikabeba kidumu, nikatangulia kama kawaida, nikihakikisha sichechemei. Pale bondeni Somoe alikata, akanirushia ukingoni, nami nikapanga. Lakini kila kuti nililoshika niliona lina doa, au limepinda, au limeanza kufunguka. Yale mazuri, machanga, yaliyosimama wima kama mishale, yalikuwa ndani ya maji. Wenzangu walipoinama kufunga mafungu yao nilivua ndara nikaingia. Maji yalikuwa ya baridi mpaka meno yakauma. Nilikuwa nimekwishakata matatu Somoe aliponiona.

"We Tatu! Toka humo! Toka!"

Aliingia na nguo zake, akanivuta kwa mkono. Akanikausha miguu kwa kanga yake, akinisugua huku anatetemeka kuliko mimi. Niliwaambia sijambo. Tulifika kwenye mikorosho, mguu ukakataa. Nakumbuka niliketi chini nikasikia sauti inalia na sikujua kwamba ni yangu. Mwajuma alitupa mzigo akakimbia kumwita mama. Somoe aliniweka mgongoni akanibeba, na kwa kuwa alikuwa mwembamba kama mimi, alisimama kila baada ya miti michache, akivuta pumzi, akisema, "Bado kidogo, bado kidogo." Ukindu wote ulibaki njiani.

Tulikwenda hospitali kwa bodaboda, mimi katikati, mama nyuma amenikumbatia. Daktari aliuliza, "Anakunywa maji ya kutosha?" Mama akajibu kwa niaba yangu, kwa fahari, "Anakunywa, dokta. Kila siku kidumu kinarudi kitupu." Nilikuwa macho. Niliangalia tone la dripu likijikusanya, likidondoka, lingine likijikusanya. Kisha nilimsikia mama akimwambia shangazi: "Maji alikunywa, mtoto huyu hana tatizo na maji. Ni yule Somoe. Alisema atamwangalia, akamwacha aingie bondeni." Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza kusema nimeumwa tangu asubuhi, nimemwaga maji wiki nzima, nimeingia mwenyewe mgongo wake ukiwa umenigeukia. Nilifumba macho nikajifanya nimelala.

Niliporudi nyumbani, baada ya siku nyingi, Somoe aliletwa na mama yake. Alipiga magoti kando ya mkeka niliolalia. Alikuwa na alama za fimbo kwenye mikono.

"Nisamehe, Tatu. Sikukuangalia."

"Nimekusamehe," nikasema.

Nilisema haraka, kwa sauti nzuri ya mtoto mwema, na mama yangu akanipapasa kichwa.

Matembezi yaliishia hapo. Somoe aliendelea kunisalimia, lakini kwa mbali, kama anavyosalimiwa mtu mzima. Mimi niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya kulazwa mara kwa mara, nikajifundisha kuandika kwa vitabu vya kuazima na kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Haya unayoyasoma nimeyafuta mara nyingi kuliko nilivyofumua ukili wowote, na kila mara nilipofika kwenye kile kidumu niliandika kwamba kilivuja.

Mwaka jana nilikwenda Ikwiriri na binti wa dada yangu, mwenye miaka sita. Somoe ameolewa huko, anasuka na kuuza mikeka. Alitupokea vizuri, akatukalisha barazani, akatuletea mihogo na chai. Alipoinuka kwenda dukani, mtoto akamshika mkono kumfuata. Somoe akautoa mkono wake taratibu.

"Hapana, mama. Kaa na mama yako mdogo. Mtoto wa mtu mimi simchukui." Kisha akanigeukia akicheka kidogo. "Unajua mwenyewe. Nusura niue."

Alikwenda peke yake. Aliporudi nilimwambia. Sikupanga maneno, na kwangu hilo ni jambo la ajabu. Alikuwa ameanza tena kusuka, na vidole vyake vikasimama.

"Kidumu?"

"Nilikimwaga."

"Siku ile tu?"

"Karibu kila siku. Na goti liliniuma tangu asubuhi."

Mtoto alikuwa akipanga maganda ya mihogo mstarini.

"Alinichapa mama," akasema mwishowe, "nikawa silii. Nilijua ni haki yangu." Akaangalia ukili mapajani mwake. "Na wewe ulikuwa unatukimbiza, Tatu. Mimi nilikuweka mbele kwa sababu wakata ukindu ndivyo wanavyokwenda. Mwenye mguu mzito ndiye anayetangulia, wengine wanafuata mwendo wake, asiachwe. Hata bibi zetu walikwenda hivyo. Wewe ukatoka mbio kama umeona kiboko."

Miaka yote ile nilikuwa nashindana na watu waliokuwa wakinisubiri.

Jua liliposhuka alitusindikiza hadi barabarani. Kabla hatujatoka uani alinipa chupa ya maji. "Kunywa." Nikanywa. "Yote. Nikuone unavyomeza." Alisimama mbele yangu, ananitazama koo, mpaka chupa ikaisha, kisha akaichukua, akaipindua, akaikung'uta. Hakutabasamu. Akasema, "Tangulia."

Nilitangulia. Zamani nilihesabu miti. Sasa nilisikiliza ndara zao nyuma yangu, zake na za mtoto, na goti lilipoanza kusema nilipunguza mwendo, nazo zikapungua. Somoe hakuniambia kama amenisamehe. Mimi nilisema upesi sana siku ile, nikiwa sina haki ya kusema. Yeye anayo, na hana haraka.